Nimekuandalia Kalamu

Bugarama, geti namba tatu
18 Juni 2023

Mke wangu Mama Eunice,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, isipokuwa kile kikohozi cha vumbi ambacho kila mtu wa huku anacho. Natumaini nawe ni mzima, na michembe yako ya viazi inakauka vizuri kwa jua hili.

Kwanza nakuomba radhi kwa simu ya Jumatano. Najua ulikasirika. Uliniuliza unasemaje, unasemaje, nami nikawa napumua tu mpaka ukakata. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nayo mengi, lakini nikishika simu yote yanakimbia, na yanarudi nikikaa chini na karatasi. Ndiyo maana nilikuomba tuandikiane. Vijana wa hapa getini wananicheka, wanasema zama hizi nani bado anampa kondakta barua. Nawaacha wacheke. Gregory wa basi hajawahi kupoteza hata moja.

Wiki iliyopita walinzi wote tuliwekwa darasani siku nzima. Tuliletewa dada mmoja wa mafunzo, akatuambia binadamu wako aina nne, na kwamba aina ya mtu inaonekana hata kwenye maandishi yake. Akachukua vitabu vyetu vya matukio, vile tunavyoandika saa kwa saa nani kaingia na nani katoka, akaanza kuvisoma mbele ya watu. Abdulwahab, mwenzangu wa zamu, mtu wa Tanga anayeongea hata na mbwa wa getini, ameandika "Hali shwari" akaweka sahihi, basi. Mimi nimejaza ukurasa: gari jeupe limeingia, dereva anaonekana hakulala, mbuzi watatu wamepita nje ya uzio, mmoja anachechemea, mvua imenyesha upande wa kilima, getini haikufika. Darasa zima lilicheka. Yule dada hakucheka. Alisema wanaoongea sana huandika kidogo kwa sababu maneno yao yameshatoka, na wanaonyamaza huandika sana kwa sababu hawana pengine pa kuyatolea. Niliona aibu kama mtu aliyevuliwa shati.

Nikakumbuka likizo ya Krismasi. Wiki mbili nimekaa kwenye kile kiti cha kamba, unaniletea uji, unanisimulia mnada mzima, mimi naitikia "mm". Siku ya kuondoka ulisema, "Baba Eunice, bora barua zako zingekuwa zinakuja likizo, wewe ukabaki huko." Ulisema huku unacheka. Mimi mpaka leo neno hilo linanizunguka. Ukweli ni kwamba kalamu ndiyo mdomo wangu, mke wangu. Sina mwingine.

Sasa lililonifanya nikae kuandika. Mkataba unaisha tarehe 31 Julai. Anayetaka kwenda nyumbani aende. Anayetaka kuendelea anahamishiwa lindo jipya upande wa Geita, miaka miwili, likizo mara moja tu kwa mwaka. Miaka kumi na moja nimelinda dhahabu ya watu, na nyumba yangu inalindwa na mke wangu peke yake. Nataka kurudi. Lakini naogopa kuwa gunia lililowekwa kwenye kona ya nyumba ambayo imeshazoea kucheka bila mimi. Niambie wewe: nirudi, au niende Geita? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mumeo,
Sostenes


Mhunze
27 mwezi wa 6

Baba Eunice,

Mwangaluka. Balua imefika. Sisi wazima. Michembe imekauka, mingine imeliwa na kuku wa jilani Luka. Mnada ulikuwa mkubwa. Simu usipige kama huongei, napata homa bule. Uliyosema nimesikia. Nafikili.

Wabeja.
Melania


Bugarama
5 Julai 2023

Mke wangu,

Barua yako Gregory alinipa jana. Niliisoma nimesimama, ikaisha kabla sijapata pa kukaa. Kuku wa Luka wamepata sentensi yao nzima. Mimi nimepata neno moja, kwamba unafikiri.

Sikulaumu, ila nashangaa. Wewe ndiye mtu anayeweza kusimulia alivyonunua chumvi mpaka wateja wakasahau walifuata nini. Wapi yanaenda maneno hayo ukinikumbuka mimi? Barua hii naiandika mara ya tatu. Ya kwanza huwa naiandika nyuma ya karatasi kuukuu za matukio, ya pili nasahihisha, ya tatu ndiyo yako. Ya kwako inaonekana imeandikwa mguu mmoja ukiwa mlangoni.

Nilifanya kosa la kumwonyesha Abdulwahab. Akasema mwanamke mcheshi akimwandikia mumewe mistari mitano, ujue mingine ana mtu wa kumwambia. Nilimwambia afunge mdomo. Aliufunga kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na huo muda ndio uliniumiza.

Nataka nikueleze siku yangu ilivyo. Naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Neno ninalosema kutwa ni "kitambulisho". Kuna siku nimefika chumbani nikatambua kwamba tangu asubuhi sijasema neno jingine lolote. Siku hizi nakuandikia hata kwenye kitabu cha matukio, naandika "Mama Eunice, leo kuna upepo", kisha nakumbuka mkuu wa lindo atasoma, nakata kwa mstari, naandika hali shwari.

Mimi ni mpweke, Melania. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nirudi au nisirudi?

Mumeo,
Sostenes


Mhunze
20 mwezi wa 7

Baba Eunice,

Ludi. Nimefikili imetosha. Jumapili talehe 6 mwezi wa nane uwe umefika. Nimekuandalia kalamu. Wanawake wote wa mnadani wanakuja kukuona, hata Paskalina. Nimewasomea balua yako wamecheka mpaka machozi.

Usikose.
Melania


Bugarama
4 Agosti 2023

Mama Eunice,

Barua ya tarehe 20 imepokelewa. Mkataba mpya umesainiwa tarehe 31. Gari la Geita linaondoka leo mchana. Kalamu ninayo ya kwangu, asante. Wasalimu wanawake wa mnadani.

Hali shwari.

S. Mihayo
Mlinzi


Mhunze
9 mwezi wa 8

Sostenes,

Glegoli kaniletea kikalatasi chako jana. Jumapili nilivaa gauni la buluu. Mbuzi alichinjwa, yule mwenye doa, nilimfuga tangu Klismasi kwa ajili yako. Wali nilipika masufulia mawili. Kila basi likipita Paskalina anasimama anachungulia. Saa kumi wakaanza kula. Nikasema umechelewa, gali bovu. Niliongea sana siku ile, nilichekesha watu mpaka mwisho ili wasiniangalie usoni. Walipoondoka nikaosha sufulia.

Unaniandikia kama unamwandikia bosi. Mtu anakuita nyumbani unamjibu hali shwali. Shwali ya nani. Mimi nalia.

Melania


Geita, lindo jipya
17 Agosti 2023

Mke wangu,

Mbuzi gani, nilijiuliza. Wali wa nini. Barua yako niliisoma mara nne kwa macho, sikuelewa kitu isipokuwa kwamba unalia. Mara ya tano niliisoma kwa sauti. Nilikuwa peke yangu kwenye kibanda, nikaisoma kama unavyosema wewe, nikasikia "gali bovu". Nikaitoa ile ya mwezi wa saba mfukoni, nayo nikaisoma kwa sauti. Umeniandalia karamu.

Nilikaa chini kwenye changarawe, Melania. Dereva mmoja alipiga honi mpaka akashuka kuniuliza kama naumwa.

Nilidhani ni kalamu ya wino. Nilikuwa nimekuambia kalamu ndiyo mdomo wangu, basi nikaona umenicheka: umeweka kalamu mezani, wanawake wa mnadani wamekuja kumtazama bubu akikabidhiwa mdomo wake. Tena ukasema umewasomea barua wakatokwa machozi kwa kucheka. Nikaenda ofisini nikasaini. Wengine wakikasirika wanapiga kelele na watu wanawashika. Mimi nilisaini taratibu kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyenishika.

Mimi Msukuma mwenzako nilipaswa kujua. Hilo ndilo linaloniuma, na sasa nakuambia jambo ambalo miaka yote ya ndoa sijakuambia. Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya darasa. Ilikuwa habari ya ujenzi wa barabara. Nikasoma "balabala". Watoto wa mjini walicheka, na mwalimu akajizuia mwishowe naye akacheka. Mwaka mzima jina langu likawa Balabala. Wakiniona nakuja kwenye foleni ya uji wananipisha, wanasema balabala inapita. Nikaamua kunyamaza. Kwenye karatasi napata muda wa kukagua kila R kabla mtu hajaiona, lakini mdomoni inatoka yenyewe na hairudishwi. Ndivyo nilivyokuwa mtu wa kuandika. Yule dada wa mafunzo alisema nimezaliwa aina hiyo. Si kweli. Mama yangu alikuwa ananitoa nje kwa sababu ya maneno mengi.

Nikija nyumbani nakusikia unaongea na L zako zote bila kumwogopa mtu. Nakuonea wivu. Nataka kuingia kwenye hayo maongezi, sioni pa kuingilia, naitikia "mm".

Nisamehe kwa mbuzi, kwa gauni la bluu, kwa kila basi lililopita. Nijibu hata mstari mmoja.

Sostenes


Shinyanga
28 Agosti 2023

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima, masomo ya ualimu yanaendelea. Nilikuwa Mhunze mwisho wa wiki. Barua yako ya Geita mama alishaisoma, akanipa na mimi nisome, kisha akaniambia nikwambie usisubiri jibu. Amesema haandiki tena maishani kwa sababu kila akishika kalamu anaharibu kitu.

Naogopa, baba. Mnadani anaongea kama siku zote, ila akifika nyumbani sasa ananyamaza. Nimelala huko siku mbili, nimesikia redio tu.

Nataka ujue barua zake zinavyoandikwa, maana mimi nimeziona. Unajua aliacha shule darasa la nne. Siku ya kukuandikia anafunga biashara mapema, ananawa mikono, anakaa na daftari. Anaisema kwanza barua yote kwa mdomo, ndefu na tamu, ungecheka na kulia humo humo. Ndipo anaanza kuandika. Akifika mstari wa tatu mkono umechoka, na aliyoyasema hayafanani na aliyoyaandika, basi anachana. Anachana hata mara tano. Inayokufikia wewe ni ile iliyokutwa na giza kabla hajaichana. Barua zako zinaanza fupi unazirefusha. Za kwake zinaanza ndefu zinapungua njiani. Chuoni na sisi tumefundishwa hizo aina za watu, nikajibu mtihani kama walivyotaka. Nyinyi wawili sijui ningewaandika wapi.

Na wale wanawake hawakukucheka. Walichocheka ni Abdulwahab na mbwa, na yule mbuzi anayechechemea ambaye umemwingiza kwenye kitabu cha kampuni. Kuhusu Krismasi na kiti cha kamba hakuwasomea. Alifika hapo akasema, "Hapa pananihusu mimi," akaikunja barua akaiweka kifuani.

Barua inayofuata usimpe Gregory. Ilete mwenyewe.

Mwanao,
Eunice


Daftari la matukio
Nyumbani, Mhunze
10 Septemba 2023

Mama Eunice, nimeliacha daftari hili juu ya meza na nimeingia chumbani. Nimefika tangu Ijumaa na mpaka sasa tunasemeshana kama wapangaji. Nimeandika kwa namna ninayoijua.

Ijumaa, saa nane mchana. Mlinzi amewasili na begi moja. Lindo la Geita amelirudisha kwa wenyewe. Mkuu wa lindo alimwita mjinga, naye hakubisha. Mke yuko uani anageuza michembe. Amesema "umefika", ameendelea kugeuza.

Saa kumi jioni. Mlinzi amekaa kwenye kiti cha kamba. Njiani alikuwa amepanga la kusema, tangu Kahama. Hakulisema.

Jumamosi, saa tano asubuhi. Mke yuko mnadani. Kicheko chake kinasikika mpaka hapa. Saa kumi na moja jioni amerudi, kicheko amekiacha huko.

Saa kumi na mbili. Wamekula ugali kwa mlenda. Mlenda ulikuwa mtamu. Hilo nalo hakulisema.

Jumapili, saa nne asubuhi. Mke yuko kanisani. Mlinzi alikuwa anatafuta wembe, amefungua lile kopo la maziwa lililo juu ya kabati. Amekuta barua zake zote za miaka kumi na moja. Chini yake amekuta karatasi zilizochanwa, vipande vimebanwa na pini, havikutupwa. Amevisoma bila ruhusa, na anaripoti kosa hilo mwenyewe. Kimoja kimeandikwa, "Nyumba ni kubwa Sostenes nasikia hata kuku akitembea." Kingine, "Naongea na watu wote ila aliye wangu." Kingine ni nusu tu, "Naogopa uta ludi uninyama".

Saa sita mchana. Mke amerudi kutoka kanisani, ameingia jikoni. Mlinzi anamsikia akipuliza moto.

Hali si shwari. Kila siku kwa miaka kumi na moja nimeandika shwari, na haikuwa. Nilikukosa kule, na hapa nakukosa ukiwa nyuma ya ukuta mmoja. Naomba maelekezo.

S.


Nimesoma. Kalamu iko tayali. Njoo jikoni.
M.


Kalamu ipi?
S.


Zote mbili. Hii ya kuandika iache hapo mezani. Mimi sicheki. Njoo uniambie balabala ilikuwaje.